Mgeni au Mwenyeji?

Kijijini kwetu ng'ombe akifa ghafla, swali la kwanza si kafa kwa nini. Swali la kwanza ni nani kaleta. Nimelisikia tangu utotoni, huku magharibi mwa Uganda kwenye nchi ya malisho, nikiwa nimesimama nyuma ya watu wazima wanaouzunguka mzoga. Wapo wasomi wanaolicheka swali hilo na kuliita ushirikina. Mwaka jana nililikuta, karibu neno kwa neno, katika makala ya kisayansi kuhusu wanyama wa kaskazini kabisa mwa dunia, mahali ambapo hakuna ng'ombe wala mchungaji. Watafiti waliuliza: ugonjwa huu ulikuwapo hapa siku zote, au umeingia juzi? Ni mwenyeji au ni mgeni? Na ili wapate jibu walisoma jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, za bakteria waliotolewa katika mizoga ya wanyama hao.

Makala hayo hayakunifikia kwa sababu ya kupenda baiolojia. Nasoma Kiswahili, mwaka wa tatu, hapa Kampala. Katika somo la tafsiri mhadhiri alitugawia kila mmoja makala ya sayansi, tutafsiri ikisiri yake kisha tuandike insha juu ya yale tuliyoyaelewa. Wenzangu walipewa kahawa, malaria, betri za simu. Mimi nikaangukiwa na makala ya Taya Forde na wenzake, yaliyotoka mwaka 2016 katika jarida la Frontiers in Microbiology, kuhusu bakteria anayeitwa Erysipelothrix rhusiopathiae na vifo vya wanyama wakubwa wala majani wa Aktiki.

Tabu ilianzia kwenye majina. Wanyama hawa hawana majina ya Kiswahili kwa sababu hakuna Mswahili aliyewahi kuwahitaji. Kuna mnyama wa jamii ya kulungu ambaye jina lake la Amerika Kaskazini, ukilifuata kwa matamshi, linakuwa karibu. Sasa ukiandika "karibu wote walikufa," nani atajua kwamba umemtaja mnyama? Nimeongeza irabu, nikamwita karibuu. Kuna mwingine wa jamii hiyo hiyo, mrefu kuliko farasi, mwenye pembe pana kama makafi. Huyo nimemwita musi. Naye mhusika mkuu nimemwita maskoksi kwa kufuata Kiingereza, ingawa Kiingereza chenyewe kimedanganya hapo: kinamwita fahali, na yeye kiukoo yuko karibu zaidi na mbuzi na kondoo. Wainuit humwita umingmak, mwenye ndevu. Kwa maoni yangu hao ndio waliomtazama vizuri.

Visiwa vya Banks na Victoria viko kaskazini-magharibi mwa Kanada, juu ya Mzingo wa Aktiki. Victoria peke yake ina takriban kilomita za mraba 217,000, haipungui sana kwa Uganda nzima, lakini wakazi wake hawafiki 3,000, nao wamekusanyika katika vijiji viwili, Cambridge Bay na Ulukhaktok. Banks ni kidogo zaidi na ina makazi mamoja tu, Sachs Harbour, yenye watu kama mia moja. Miti hakuna. Maskoksi hukaa humo mwaka mzima, usiku wa majira ya baridi usiokucha na mchana wa kiangazi usiokuchwa. Amevaa manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi, na chini ya manyoya hayo ana sufu laini iitwayo qiviut, ambayo watu huisokota na kuiuza kwa bei nzuri. Kundi likivamiwa na mbwamwitu husimama duara, vichwa nje na ndama ndani. Kwa mbwamwitu duara hilo ni ngome. Kwa bakteria si kitu.

Kwa watu wa visiwa hivyo maskoksi ni nyama, ni sufu, na ni pesa za wageni wanaokuja kuwinda. Katika maduka ya huko chakula husafirishwa kutoka mbali na bei zake hutisha, kwa hiyo mnyama anayetembea nje ya nyumba si pambo la mandhari. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona wanafunzi wenzangu wakisikia neno Aktiki huwaza dubu mweupe juu ya kipande cha barafu na huzuni ya watazamaji wa televisheni. Waliopoteza kitu hapa ni wenye sufuria jikoni.

Mizoga ilianza kuonekana Victoria mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, ikaendelea miaka iliyofuata, na katika kiangazi cha 2012 zaidi ya mia moja ilikutwa Banks. Waliokufa hawakuwa vikongwe waliokonda. Walikuwa wakubwa kwa wadogo, madume kwa majike, wengi wana mafuta mwilini, wameanguka pale pale walipokuwa wakila. Ni kifo cha ghafla, kile kile kinachowafanya watu wa kwetu watazamane. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kisiwa cha Banks kilikuwa na maskoksi zaidi ya 60,000. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta kama 14,000. Si haki kuubebesha ugonjwa mmoja pengo lote hilo. Mwaka 2003 mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda, malisho yakafungiwa chini ya barafu, na maskoksi wapatao 20,000 wakafa njaa. Lakini mizoga ya 2012 haikuwa ya njaa.

Katika uboho wa mifupa ya mizoga hiyo ndimo walimokuta Erysipelothrix. Huyu hakuwa mgeni kwa sayansi. Wafugaji wa nguruwe wanamjua tangu karne ya 19, kwa sababu huwatia nguruwe homa na mabaka mekundu kwenye ngozi. Jina rhusiopathiae lenyewe lina maana ya ugonjwa wa wekundu. Louis Pasteur na Louis Thuillier walitoa chanjo yake ya nguruwe mwaka 1883. Wachinjaji na wavuvi nao wanamjua, wengi bila kujua jina lake: unajikata kidole ukiparua samaki, kidole kinavimba na kuwa chekundu na kuuma kupita ukubwa wa jeraha. Huishi kwa ndege, kwa samaki, hata kwenye udongo kwa muda. Ila Banks hakuna nguruwe. Ndiyo maana swali likaja lenyewe, kama linavyokuja kwetu: nani kaleta?

Mimi kazi ya kusoma jenomu nimeielewa kupitia mlango wa fasihi, na nadhani wanafunzi wa Kiswahili tunao mlango huo bila kuutumia. Tumefundishwa kwamba tenzi za zamani zilihifadhiwa kwa nakala za mkono, kwa hati ya Kiarabu, na kwamba nakala hazifanani. Al-Inkishafi ina nakala zinazotofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti. Fikiria mwandishi mmoja wa Lamu amekosea neno moja. Atakayenakili kutoka kwake atalibeba kosa hilo, na atakayenakili kutoka kwa huyo wa pili atalibeba pia, na labda ataongeza la kwake. Miaka mia baadaye mtaalamu mwenye nakala kumi mezani anaweza kuchora mti: hizi tatu zina kosa moja, basi zina babu mmoja, hii moja imejitenga mapema. Kosa la mwandishi ndilo ushahidi. Nakala zisizo na kosa hata moja hazikwambii lolote kuhusu ukoo wake.

Bakteria hujinakili hivyo hivyo. Erysipelothrix ana herufi kama milioni 1.8, za aina nne tu, A, C, G na T. Kila anapogawanyika huzinakili zote, na mara chache sana herufi moja hukosewa. Kosa hilo hurithiwa na vizazi vyake. Maabara huchukua kipande cha uboho, huwaotesha bakteria, hutoa DNA yao, huikata vipande vidogo na kuvipitisha kwenye mashine inayosoma kila kipande, mara nyingi juu ya mara nyingi. Kisha kompyuta huviunga. Chukua gazeti moja lililochapwa nakala hamsini, na wauza karanga hamsini wamelichana kufungia karanga, kila mmoja kwa namna yake. Ukikusanya karatasi zote unaweza kulisoma tena gazeti zima, kwa kuwa mwisho wa kipande hiki uko katikati ya kipande kile. Ukishapata maandishi kamili ya bakteria wa kila mzoga, unaweka moja juu ya jingine na kuhesabu herufi zinazotofautiana. Baada ya hapo kazi ni ile ile ya mtaalamu wa nakala za Lamu.

Na walipohesabu? Bakteria wa maskoksi wa visiwa vya Kanada walikuwa karibu kitu kimoja. Mizoga imetengana kwa mamia ya kilomita, bahari imepita katikati, miaka imepita, lakini tofauti za herufi ni chache mno. Kwa karibuu na musi wa magharibi mwa Kanada mambo yalikuwa kinyume kabisa: mahali pamoja palikuwa na bakteria wa koo zilizo mbali mno, na hata ndani ya mzoga mmoja walikutwa wa koo mbalimbali. Ni kama ufungue sanduku moja la marehemu ukute nakala mbili za utenzi ambazo waandishi wake hawakupata kujuana vizazi kumi nyuma.

Hapo ndipo makala yaliponishika. Kabla ya utafiti ilikuwa rahisi kufikiri kwamba aina moja mpya na kali ya bakteria imezuka na inatembea kaskazini yote ikiua: maskoksi Victoria, maskoksi Alaska, karibuu, musi. Hadithi hiyo ingekuwa nzuri. Ina adui mmoja, ina mahali pa kuanzia na njia ya kupita. Jenomu ziliikataa. Waandishi walihitimisha kwamba vifo vya wanyama hao wa kaskazini havitokani na aina moja inayoenea, na kwamba maelezo mengine yatafutwe, pamoja na hali ya wanyama wenyewe na ya mazingira yao. Huenda joto la kiangazi linawachosha wanyama walioumbwa kwa baridi. Huenda maskoksi, ambao vinasaba vyao vinafanana mno wao kwa wao, wana udhaifu mmoja wote. Huenda ndege wanahusika: Banks hupokea bata bukini weupe kwa mamia ya maelfu kila majira ya kuzaliana, nao wanatoka kusini ya mbali.

Lakini je, visiwani, kule bakteria wanakofanana, si dalili ya mgeni? Nililifikiria hili siku nzima kabla ya kuchagua maneno ya tafsiri. Ukikuta nakala kumi zinazofanana herufi kwa herufi, unaweza kusema zimenakiliwa zote juzi kutoka kitabu kimoja. Unaweza pia kusema kwamba waandishi wa mji huo ni makini na hunakili mara chache, hivyo hata miaka mingi haikuacha makosa. Karatasi peke yake haitakuchagulia. Lazima uwaulize watu wa mji.

Nao waliulizwa, kwa namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa damu. Kwa miaka mingi wanabiolojia wa Alaska na Kanada walikuwa wakihifadhi damu ya maskoksi kwenye majokofu, kwa sababu zao nyingine. Watafiti walipoipima damu hiyo baadaye walikuta kingamwili dhidi ya Erysipelothrix hata katika sampuli za miaka ya 1970. Kumbe maskoksi wa kaskazini walikutana na bakteria hawa muda mrefu kabla ya mizoga ya 2012. Kingamwili hazisemi ni aina ipi ya bakteria iliyopita. Zinasema tu kwamba wa jamii hiyo alipita. Namna ya pili ilikuwa vinywa. Matilde Tomaselli na wenzake walikaa na wakazi wa Cambridge Bay, wawindaji na wazee, wakawahoji kwa utaratibu juu ya yale waliyoyaona kwa maskoksi na karibuu katika maisha yao, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo. Wakazi walieleza kupungua kwa wanyama na dalili za maradhi walizoziona kwa macho yao. Ni watu wanaochuna mnyama kwa mkono. Wanajua ini la kawaida linafananaje.

Niliposoma hapo nilimkumbuka bibi yangu, mama yake baba.

Nilikuwa darasa la sita ng'ombe walipokufa bondeni kwetu. Walitoka damu puani, nyeusi, isiyoganda. Baada ya wiki mbili jibu likaja kutoka maabara kwamba ni kimeta. Ugonjwa ukawa umepata jina, lakini swali la kijiji halikuwa limejibiwa. Miezi michache kabla, familia moja ilikuwa imehamia kutoka wilaya nyingine na ng'ombe kumi na wanne. Hakuna aliyewapiga wala kuwachomea nyumba. Nalisema hilo kwa ajili ya haki. Watu waliacha tu kuitikia salamu yao. Kwenye bomba la maji walipisha kila mtu mpaka jua likazama. Kabla ya mavuno walifunga mizigo wakaondoka. Mtoto wao wa pili alikuwa anakaa nami dawati moja. Kitabu changu cha hesabu kilikuwa kwake siku hiyo, nacho kikaenda.

Bibi alikuwa amekaa barazani akichambua maharage wakati haya yakizungumzwa, akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba bonde lile lilikwisha kuua ng'ombe kabla, mwaka aliozaliwa shangazi yangu mkubwa, na kwamba walizikwa karibu na mkuyu, na damu yao ilikuwa hivyo hivyo. Kikao cha kijiji kilifanyika bila yeye. Hakualikwa, na hakuna aliyekwenda kumuuliza. Wainuit wa Cambridge Bay angalau waliulizwa.

Methali yetu inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa magonjwa watu huigeuza: mgeni amekuja, mwenyeji amekufa. Na mara nyingine ni kweli, siwezi kusema kila anayeshuku ni mwovu. Ugonjwa husafiri na mifugo. Ndiyo maana nimejiuliza kwa dhati kama jenomu ingeweza kuiokoa familia ile.

Jibu langu ni kwamba ingeweza kusaidia, lakini kwa shida, na sababu iko katika tabia ya kimeta chenyewe. Bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, ana herufi kama milioni 5.2, na anapokuwa nje ya mnyama hujifunga kuwa spora, mbegu ngumu isiyokula wala kugawanyika. Anaweza kukaa hivyo udongoni miongo kadhaa. Sasa kumbuka kwamba makosa huingia wakati wa kunakili. Spora hainakili. Aliyelala miaka hamsini anaamka na maandishi yale yale aliyolala nayo, kama nakala iliyofungiwa sandukuni wakati nyingine zikipita mikononi mwa watu. Kwa hiyo ukihesabu herufi ili kujua muda uliopita, saa yako ilisimama na wewe hujui ilisimama lini. Mwaka 2016 huko Yamal, kaskazini mwa Siberia, kimeta kiliua zaidi ya reni 2,000, ambao ni karibuu wale wale ila hawa hufugwa, na mtoto wa miaka 12 akafariki. Mara ya mwisho kimeta kuonekana huko ilikuwa 1941. Kiangazi kilikuwa cha joto lisilo la kawaida, ardhi iliyoganda ikalainika, na chanjo ya reni ilikuwa imesitishwa tangu 2007. Hakuna aliyekuja na kitu kutoka mbali. Mwenyeji aliamka.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba Taya Forde huyo huyo wa maskoksi baadaye alifanya kazi Tanzania, katika eneo la Ngorongoro, ambako kimeta huua mifugo na wanyamapori mara kwa mara na watu huugua. Mwaka 2022 yeye na wenzake, wakiwamo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa jenomu za kimeta kutoka mizoga ya huko. Walikuta kwamba hata ndani ya mnyama mmoja bakteria hawakuwa wote sawa. Kwa ugonjwa ambao aina zake hufanana kuliko karibu bakteria wengine wote, hilo halikutarajiwa. Nililisoma nikafikiri: basi hata mzoga mmoja hauna hadithi moja.

Sasa turudi kwa jirani yetu wa ng'ombe kumi na wanne. Tuseme mtaalamu angekuja na karatasi inayoonyesha kwamba bakteria wa ng'ombe wake na wa ng'ombe wa kijiji wanafanana herufi zote. Najua watu wangesema nini: tuliwaambia! Lakini kufanana hakusemi nani alimwambukiza nani. Huenda ng'ombe wake ndio waliokuja wakala majani juu ya kaburi la mkuyu. Ili kulijua hilo ungehitaji pia bakteria wa kule walikotoka, na udongo wa bondeni, na mtu wa kukuonyesha mahali pa kuchimba. Mtu huyo alikuwepo, anachambua maharage. Mti wa ukoo wa bakteria hauna mishale. Anayeichora mishale ni msomaji, na msomaji huja na mambo yake kichwani.

Mwezi wa Aprili 2025 viboko wasiopungua hamsini walikufa kwa kimeta upande wa Kongo, katika hifadhi ya Virunga, wakielea kwenye mto Ishasha mpaka ziwa Edward. Ishasha ni mpaka: ukingo mmoja Kongo, ukingo wa pili Uganda. Upande wetu, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, viboko wapatao 300 walikufa kwa kimeta mwaka 2004 na 2005, nikiwa mchanga. Nilipoziona picha za mwaka 2025 nilisubiri kusikia nani atasema nani kaleta. Sikusubiri sana, ndani ya basi la kutoka nyumbani tayari kulikuwa na abiria wawili wanabishana, mmoja akinyoosha kidole magharibi na mwingine akimwambia kwamba kiboko hajui ukingo. Yule wa pili hakuwa na mashine wala jenomu. Alikuwa mvuvi.

Katika tafsiri yangu neno lililonipa kazi zaidi lilikuwa lile la ugonjwa uliozoeleka mahali. Kamusi zilinipa njia kadhaa ndefu. Niliandika "ugonjwa mwenyeji," na mhadhiri akaweka alama ya kuuliza pembeni kwa kalamu nyekundu. Nimeliacha. Kinyume chake ni "ugonjwa mgeni," na kila msomaji wa Kiswahili atajua mara moja uzito uliomo, kwamba mmoja ana haki ya kukaa na mwingine anatazamwa. Uzito huo umo katika swali la kisayansi lenyewe, hata kama Kiingereza cha maabara kimeukausha.

Huko visiwani kazi inaendelea, na sehemu yake kubwa haiko maabara. Bakteria mwenye historia ya miezi michache hawezi kukujibu swali la miaka hamsini, kwa hiyo zinatakiwa sampuli za kila mwaka, za wanyama wazima pamoja na wafu, na hakuna mtafiti anayeweza kukaa Victoria majira yote. Wawindaji wamechukua kazi hiyo. Mwindaji akishamwangusha maskoksi au karibuu, huchovya vipande vya karatasi maalumu kwenye damu ikiwa bado ya moto, huviacha vikauke, huvitia kwenye bahasha. Hukata unywele, huweka na mguu wa chini wenye uboho ndani. Halafu huandika tarehe, mahali, dume au jike, ana mafuta kiasi gani, na kama alionekana akichechemea kabla hajafa.